Mgugunaji Asiyeguguna

Nilihesabu meno mara tatu.

Kwenye skrini kulikuwa na fuvu dogo lililopigwa picha kutoka chini, taya la juu likionekana lote. Mbele palikuwa na meno mawili membamba, kila moja lina ncha mbili. Nikashuka na kidole kuelekea nyuma, pale ambapo magego ya panya hukaa yamepangana kama mawe ya kusagia. Hamna. Mfupa mtupu, laini, kana kwamba haujawahi kusikia habari za meno.

Mpwa wangu alikuwa ameniegemea begani. Naye akahesabu.

"Mjomba, huyu kazeeka? Meno yameng'oka?"

Nikamwambia hajazeeka. Ndivyo walivyo wote wa aina yake.

"Sasa anaguguna na nini?"

"Haguguni."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyegundua kuwa amedanganywa siku nyingi. Ni mimi niliyemfundisha kwamba panya, kindi, nungunungu na ndezi ni wa kundi moja, na kwamba kundi hilo linaitwa wagugunaji kwa sababu, basi, wanaguguna.

"Basi huyo si panya," akasema, akaenda zake kucheza.

Mimi nikabaki na fuvu. Neno lile likanikaa kooni wiki tano.

## Mla minyoo wa Sulawesi

Jina lake la kitaalamu ni Paucidentomys vermidax. Kwa lugha yetu tungesema panya-meno-machache, mla minyoo. Alinaswa mwaka 2011 kwenye misitu ya milima ya Latimojong na Gandangdewata, kisiwani Sulawesi, Indonesia, na mwaka uliofuata akatangazwa rasmi na Jacob Esselstyn, Anang Achmadi na Kevin Rowe. Wagugunaji wanaojulikana duniani wanapita spishi 2,200. Huyu ndiye pekee asiye na gego hata moja.

Chakula chake ni nyungunyungu. Nyungunyungu hana ganda la kutoboa wala punje ya kusaga. Anashikwa, anakatwa, anamezwa. Ukiishi kizazi baada ya kizazi kwa mlo wa namna hiyo, gego linakuwa kama nyundo katika nyumba isiyo na msumari. Anayezaliwa nalo hana faida nalo, anayezaliwa likiwa limepungua hana hasara. Na kweli, kisiwani humo humo wapo jamaa zake, kama wale wa jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) za Tateomys na Melasmothrix, wenye pua ndefu na ulaji wa minyoo, lakini wao magego bado wanayo. Yeye amefika mwisho wa njia ambayo wenzake wako katikati.

Hayo yote niliyaelewa usiku ule ule. Sikuelewa kwa nini yananikera.

Nadhani ilikuwa hivi: nilikuwa nimezoea kuamini kwamba jina likieleza kazi, basi limeeleza na ukoo. Mgugunaji anaguguna. Ukimwondolea kuguguna, umembakizia nini?

## Nusu ya methali

Wazee wanasema undugu ni kufaana, si kufanana. Walikuwa wakisema juu ya watu, na kwa watu nakubaliana nao. Kwa wanyama, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe ataichukua nusu ya pili tu. Kufaana hakumhusu. Lakini kule kusema kwamba kufanana si undugu, ningekibandika juu ya mlango wa kila maabara.

Mfano tunao kwenye lugha yetu wenyewe. Mwangalie sange: pua ndefu, mkia wa panya, haraka haraka chini ya majani makavu. Mtu yeyote angemweka na panya. Jamaa zake wa kweli ni tembo, nguva na pimbi.

Sasa chukua visiwa viwili. Kule Luzon, Ufilipino, wapo panya wa jenasi Rhynchomys: pua imerefuka kama mrija, macho madogo, magego mawili matatu madogo yaliyobaki kama ukumbusho, na chakula chao ni nyungunyungu. Ukiwaweka kando ya wala minyoo wa Sulawesi utaapa kwamba mama yao ni mmoja.

DNA inasema hapana.

Wa Luzon wako kwenye tawi moja na panya wa Australia, Papua Guinea Mpya na Visiwa vya Solomon. Wa Sulawesi wako kwenye tawi la Rattus, yaani tawi la panya wa darini, yule anayekimbia juu ya vichwa vyetu usiku. Kwa maneno mengine, yule kiumbe asiye na magego yuko karibu zaidi na panya tunayemfukuza kwa fagio kuliko alivyo na pacha wake wa sura kisiwa cha pili.

Na si kisa cha pekee. Mwaka 2012, kwenye mlima ule ule wa Gandangdewata, mwindaji mwenyeji aliwasaidia watafiti kumpata panya wa mtoni, mwenye manyoya mafupi mororo. Alipotangazwa mwaka 2014 aliitwa Waiomys mamasae; wai ni maji kwa lugha ya wenyeji wa Mamasa. Anafanana mno na panya-maji wa Papua Guinea Mpya. Naye si wa kwao. Ni Msulawesi aliyejifunza maji peke yake.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Pua ndefu imebuniwa zaidi ya mara moja. Ulaji wa nyama na minyoo umezuka mara kadhaa, kisiwa hadi kisiwa, bila mmoja kumwiga mwingine. Kisiwa kinatoa nafasi zile zile, mlimani, mtoni, chini ya majani yaliyooza, na yeyote aliyewahi kufika anasukumwa kuzijaza. Sura inaeleza mahali mnyama anapoishi. Juu ya wazazi wake inaweza kusema uongo kabisa, tena kwa uso mkavu.

## Chambo

Hapa ndipo shaka yangu iligeuka.

Mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Lawrence Heaney wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, pamoja na Danilo Balete na wenzao wa Ufilipino, ilianza kuzunguka milima ya Luzon, mlima mmoja baada ya mwingine. Wakati wanaanza, mamalia wa asili wasioruka waliojulikana kisiwani walikuwa spishi 28. Walipochapisha hesabu yao mwaka 2016 walikuwa 56, wengi wao panya, na 52 kati ya hao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliguna. Kuongezeka mara mbili? Kwenye kisiwa kinachokaliwa na mamilioni ya watu? Nikajisemea, hawa hawahesabu panya, wanahesabu tofauti. Mchukue panya mmoja, mpasue kwa DNA vipande vinne, mpe kila kipande jina la Kilatini, umetajirika.

Shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Majina huwa yanapasuliwa na kuunganishwa. Luzon yenyewe ina mfano: vipanya wadogo wala minyoo waliokuwa wamekusanywa chini ya jenasi moja, Archboldomys, hadi mwaka 2012 ilipoonekana kuwa ni koo mbili tofauti zilizovaa nguo moja. Baadhi walihamishwa wakapewa jenasi mpya, Soricomys, kwa kuwa jamaa zao wa karibu ni Chrotomys, panya wachimbaji wenye mstari mgongoni, ambao kwa sura hawakaribiani nao hata kidogo.

Kilichonishinda ni chambo.

Mtego wa panya wa kawaida hutiliwa nazi ya kukaanga na siagi ya karanga. Timu ile ilitumia hicho, lakini ikatumia pia nyungunyungu hai. Ndipo wale wasioguguna walipoingia. Mla minyoo hana haja na nazi. Angepita kando ya mtego wako kila usiku, mwaka hadi mwaka, nawe ukaandika kwenye daftari kwamba msitu huu hauna kitu.

Soma hapo mara mbili. Jina tulilowapa, wagugunaji, lilikuwa limekaa ndani ya mtego. Ukitega kwa kuamini kwamba panya ni mnyama wa kuguguna, utanasa wanaoguguna, kisha utasema umethibitisha.

Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumetega mtego ule ule.

## Kisiwa ndani ya kisiwa

Luzon haijawahi kuungana na bara la Asia. Kila panya wa asili aliyeko pale ana babu aliyevuka maji. Lakini mababu hao walikuwa wachache sana. Wingi wa leo haukuja na mawimbi, ulizaliwa hapo hapo.

Milima ndiyo iliyozalisha. Panya aliyezoea baridi na ukungu wa juu hawezi kushuka bondeni kwenye joto na kupanda mlima wa pili. Kwake bonde ni bahari. Basi kila kilele kinakuwa kisiwa, na watoto wa babu mmoja wanatengana hadi hawatambuani tena. Mwaka 2018 timu ile ya Heaney ilionyesha kwamba jambo hilo limetokea hata Mindoro, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 10,000, ambako panya wa jenasi Apomys wamegawanyika spishi bila kutoka nje ya kisiwa.

Kati ya wote, ninaowapenda zaidi ni panya wa mawingu. Babu yao alifika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, akapanda juu ya miti, na wengi wa uzao wake hawajashuka. Mkubwa, Phloeomys, anapita kilo mbili na ana manyoya marefu kama ya paka wa kufugwa. Mdogo, Musseromys, ana uzito wa gramu 20 hivi. Ukoo mmoja! Katikati yao yupo Carpomys melanurus, aliyekusanywa mwaka 1896 kisha akapotea machoni mwa wataalamu miaka 112, hadi alipoonekana tena Mlima Pulag mwaka 2008. Yeye, bila shaka, hakuwa amepotea.

## Boti isiyo na nahodha

Madagaska nitapita haraka, ingawa inastahili makala yake.

Kisiwa kile kiliachana na Afrika kabla panya hawajakuwepo duniani, kwa hiyo hawakubaki nyuma wakati wa kutengana, walivuka. Mlango wa Msumbiji una upana wa kilomita 400 hivi pale palipo pembamba. Mwaka 2010 Jason Ali na Matthew Huber walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba zamani zile mikondo ya bahari ilielekea mashariki, kinyume na leo, na kwamba rundo la miti lililong'olewa na mafuriko lingeweza kufika kwa wiki chache. Kisha mikondo ikageuka, mlango ukafungwa.

Waliobaki ndani wakajigawia kazi. Leo ni spishi 27 hivi: yupo mwenye miguu ya kurukaruka mchangani, yupo wa kuchimba njia kwenye nyasi za mabwawani, wapo wa mitini, na yupo Hypogeomys antimena, mkubwa kama sungura, masikio kama ya sungura, dume na jike wakikaa pamoja miaka. Sura zao zilitofautiana kiasi kwamba kwa muda mrefu ilibishaniwa kama kweli ni mbari moja au ni wageni waliofika kwa mikupuo. Jeni zilipochunguzwa kwa wingi, ikawa mbari moja.

Kwa hiyo Luzon na Sulawesi wanafanana na si ndugu, Madagaska hawafanani na ni ndugu. Methali ilinipigia hodi tena.

(Kwa wapenda ukubwa: kisiwa cha Anguilla, Karibi, kiliwahi kuwa na mgugunaji aitwaye Amblyrhiza ambaye makadirio ya juu humpa kilo 200. Mifupa yake ilijulikana katika karne ya 19 kwa sababu udongo wa mapangoni ulisafirishwa Philadelphia kutengenezwa mbolea. Alikuwa njiani kwenda shambani.)

## Watu wa Zaira walikuwa wanajua

Kisiwani Vangunu, Visiwa vya Solomon, watu wa jamii ya Zaira walikuwa na neno: vika. Panya mkubwa wa juu ya miti, anayetoboa maganda magumu ya njugu za ngali. Mtafiti Tyrone Lavery alisimuliwa habari zake mwaka 2010. Akatafuta miaka, asimwone, hadi akaanza kujiuliza kama wanaosimulia hawamaanishi panya wa kawaida aliyeletwa na meli.

Mwaka 2015 mti mkubwa ulikatwa. Ndani ya mti ule alikuwemo.

Alitangazwa mwaka 2017 kwa jina la Uromys vika, na mmoja wa waandishi wawili wa tangazo hilo ni Hikuna Judge, mtu wa Zaira. Mnyama mwenyewe ana urefu unaokaribia nusu mita pamoja na mkia. Mwaka 2023 zikachapishwa picha za kwanza za vika hai: kamera zilifungwa msituni kwa msaada wa wenyeji, chambo kikawa taa za mafuta ya ufuta, na zikapatikana picha 95 za vika wanne.

Wanne. Msitu wanaouishi unawindwa na misumeno.

Nilijiona katika shaka ya yule mtafiti. Watu wanakuambia yupo, wanakutajia jina, mlo na mahali anapolala, nawe unaandika: haijathibitishwa.

## Jamaa wa karibu

Kisiwa cha Christmas, kusini mwa Java, kilikuwa na panya wake wawili ambao hawakuwepo kwingine. Mmoja, Rattus macleari, alijaa kila mahali, akipanda miti na kupiga kelele usiku. Wa pili, Rattus nativitatis, alikuwa mzito na mchimbaji. Mwaka 1899 meli iitwayo Hindustan ikashusha panya weusi pamoja na viroboto vyao. Muda mfupi baadaye wakazi wakaanza kuona panya wa kisiwa wakijikokota njiani mchana kweupe, wagonjwa. Mwaka 1908 mtaalamu Charles Andrews, aliyekuwa amewakuta kwa wingi muongo mmoja nyuma, alirudi asimkute hata mmoja.

Karne moja ilipita. Mwaka 2008 DNA ilitolewa kwenye ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Zilizokusanywa kabla ya meli zilikuwa safi. Miongoni mwa zilizokusanywa baada yake, kimelea cha panya weusi kikaonekana.

Ugonjwa ulivuka kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mgeni na mwenyeji wote ni Rattus. Nimetumia makala nzima kutafuta undugu wa kweli uliofichwa chini ya sura, na hapa ndio huo, dhahiri, na umewamaliza.

Kuna la ziada, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kuendelea kuzunguka nalo. Mwaka 2022 watafiti walijaribu kuunganisha upya jenomu, yaani DNA nzima, ya Rattus macleari kutoka kwenye ngozi zile, wakimtumia panya wa kahawia kama ramani. Walipata karibu yote. Asilimia 5 hivi haikupatikana, na iliyokosekana ilielemea sehemu mbili: jeni za kunusa na jeni za kinga ya mwili.

Kinga ya mwili.

Na ukidhani ni mambo ya mwaka 1899 tu: Bramble Cay, kifungu cha mchanga cha hekta chache kwenye Mlango wa Torres, kaskazini mwa Australia, kilikuwa na panya wake, Melomys rubicola, wa tawi lile lile la vika. Maji ya bahari yalipanda mara kwa mara, mimea ikafa. Mara ya mwisho alionekana mwaka 2009. Mwaka 2019 serikali ya Australia ilimwandika rasmi kuwa ametoweka.

## Karatasi

Jana mpwa wangu alikuja tena. Nikachukua karatasi, nikamchorea mti. Tawi moja nikaandika "panya wa darini". Pembeni yake, kwenye kijitawi cha karibu, nikamchora yule asiye na magego, na pua yake ndefu. Kisha nikashusha mstari mrefu, nikaupeleka mbali kabisa kwenye shina, zaidi ya miaka milioni 10 nyuma, nikauvuta hadi ukingo wa karatasi. Huko nikaandika "kipanya cha kabatini", kile kidogo cha kijivu tunachokiita panya vilevile bila kufikiri.

Akafuata mistari kwa kidole. Akarudi. Akafuata tena.

"Kwa hiyo wa darini na huyu wa bila meno ni karibu."

"Naam."

"Na huyu mdogo ndiye yuko mbali."

"Ndiyo, mbali zaidi."

Akatulia kidogo, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaenda ukingoni mwa karatasi na kumfuta panya wa kabatini jina.